Aliyesimama Mbele ya Mlango

Uwanja wa kanisa, Nakuru
Jumatatu, 6 Aprili 1992

Kwa Mwalimu Kipsang,

Mimi ni mzima na Ann ni mzima. Tunalala ndani ya darasa la watoto wa Jumapili, familia kumi na moja, na tumeigawanya sakafu kwa madawati. Tafadhali usimwambie mtu yeyote pale Kaptolil niko wapi, isipokuwa mkeo, Mama Dorcus.

Nganga wangu tulimzika tarehe 19 Machi. Najua ungetaka kuja. Barabara ya huku haikuwa ya kupitwa na mtu wa kwenu, kama vile ya huko haikuwa ya kupitwa nami.

Nimekuandikia kwa sababu nina kazi ambayo ni wewe tu unayeiweza. Kamati ya kanisa inakusanya maelezo ya watu walioona kwa macho yao, na wakili atayapeleka kortini. Yangu yanasubiriwa zaidi. Kipchirchir, karani wa kununua majani ya chai, ameshikwa tangu mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyemtaja. Wakili anasema nikitia sahihi, kesi itakuwa ya mauaji, na mtu wa mauaji hunyongwa. Siku ya kutia sahihi ni Ijumaa tarehe 8 Mei.

Lakini karani wa kamati alinirudishia karatasi yangu. Alisema, "Mama, hapa watu wote wamerundikana mahali pamoja. Huyu alikuwa wapi? Yule alitoka wapi? Jaji akisoma hii atakurudisha nyumbani." Nikamwambia nyumbani hakuna. Hakucheka.

Ulinifundisha Kiswahili miaka minne, Mwalimu. Nimenakili kipande hiki ukione:

"Tarehe 14 Machi kwa asubuhi walikuja kwa nyumba kwa mapanga kwa kelele. Katika dukani mume wangu alikuwa juu ya kufunga mizigo. Kipchirchir alifunga majani ya mlango ya alama. Walimkata Nganga juu ya yeye ni Mkikuyu. Niliona mtu wa mshale kutoka dirishani. Damu ilikuwa kwa unga."

Mimi nikiisoma nalia. Karani halii. Kwa hiyo kuna kitu kimebaki kwangu, hakijafika kwake.

Mwanafunzi wako,
Wamuyu (Mama Ann)


Kaptolil, Kimulot
Jumatatu, 13 Aprili 1992

Binti yangu Wamuyu,

Barua yako ilifika ndani ya kikapu cha Dorcus, chini ya viazi, kutoka posta hadi mezani kwangu. Mlangoni kwetu sasa watu huuliza mtu amebeba nini.

Nganga alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tisa. Leo sitaandika juu yake. Nikianza sitaifikia kazi uliyonipa. Habari za hapa ni kwamba nyumba zote saba za watu wa kwenu zimebaki kuta. Mabati yameng'olewa. Chai yenu imepita kiasi, majani yamekuwa magumu kama ngozi, kwa sababu hakuna anayechuma. Jumanne iliyopita mbwa walifukua kitu ndani ya mtaro wa shamba la chini, nasi tukaenda na majembe. Alikuwa mzee Orina, yule fundi viatu kutoka Kisii. Alikuwa humo tangu siku ile. Sijui walimdhania nani. Tulimtambua kwa viatu, alivyovishona mwenyewe.

Sasa tufanye kazi. Nitaeleza polepole kama nilivyozoea. Ukiona narefusha, ruka.

Karani hakukosea. Maneno yako makubwa yote ni sahihi: mapanga, mshale, damu. Kilichopotea ni maneno madogo yanayoyaunganisha, yale niliyokuwa nikiyaita vihusishi, nanyi mkisinzia. Kazi yake ni kumweka kila mtu na kila kitu mahali pake. Ukiyakosa, msomaji anaona panga na anaona mtu, lakini haoni panga likimfikia mtu.

Tuanze na "kwa". Katika sentensi yako ya kwanza limo mara nne. Umelitumia kama mama mwenye sufuria moja, humo anapika chai, humo anapika ugali, humo anamwoshea ndama miguu. Kila kazi ipe chombo chake. Asubuhi haihitaji "kwa". Nyumba inataka "nyumbani kwetu". Mapanga yanataka "wakiwa na". Soma hii: "Asubuhi ya tarehe 14 Machi walikuja nyumbani kwetu wakiwa na mapanga, wakipiga kelele." Hakuna neno lililoongezeka la kujivunia, lakini sasa watu wanatembea.

"Katika dukani" ni kuvaa koti juu ya koti. Mkia wa "-ni" tayari umebeba "katika". Sema "dukani". Lakini hapa ningeandika "ndani ya duka", kwa sababu kuta ni jambo la maana: mtu aliye ndani ya duka hana pa kukimbilia.

"Juu ya" huku kwetu sote tunaitumia kwa maana ya sababu, hata mimi nikiwa sokoni. Lakini kortini ukisema "alikuwa juu ya kufunga mizigo", jaji atamtafuta marehemu kwenye paa. Sema "alikuwa akifunga mizigo". Na "walimkata kwa sababu yeye ni Mkikuyu". Iandike bila kuogopa. Ndiyo sababu yenyewe.

"Niliona mtu wa mshale kutoka dirishani." Nani alikuwa dirishani, ni wewe au ni yeye? Kihusishi kikae karibu na mwenyewe. Kama ni wewe, anza nacho: "Kutoka dirishani nilimwona mtu mwenye upinde."

"Damu ilikuwa kwa unga." Usiipambe sentensi hii. Amua tu, juu ya unga au ndani ya unga. Ni wewe uliyeona.

Mwisho ni "majani ya mlango ya alama". Hizo "ya" mbili zimefungana shingo, na sielewi kitu. Majani gani? Yalikuwa juu ya mlango, kwenye komeo, au chini kizingitini? Na yaliondolewa na nani? Naona watu walifika na kuvunja mlango, lakini majani hayatajwi tena. Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mwalimu wako,
J. Kipsang


Nakuru
Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1992

Mwalimu,

Nimeandika upya mara nne. Uliyosema ni kweli. Nikitafuta kila mtu alisimama wapi, kalamu inakwenda. Haya ndiyo maelezo yangu sasa. Sijaruka kitu.

"Jumamosi tarehe 14 Machi 1992, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifungua mlango wa mbele wa duka letu katika senta ya Kaptolil. Kwenye komeo, upande wa nje, palikuwa na mmea wa kutambaa, umesokotwa na kufungwa mafundo mawili. Mbele ya mlango alisimama Kipchirchir, karani wa kununua majani ya chai. Mkono wake ulikuwa juu ya mmea huo. Aliponiona alicheka. Akasema, 'Mama Ann, nyinyi leo mko sawa kabisa. Kaeni tu ndani.' Kisha akashuka kuelekea kituo cha kununua majani.

Mume wangu, Nganga, alitoka nje. Tulikuwa tumesikia kutoka kwa watu waliokimbia sehemu nyingine kwamba nyumba huwekwa alama kabla ya kuchomwa. Akasema, 'Hii ndiyo alama yenyewe.' Aliukata mmea kwa panga na kuutupa ndani ya jiko. Akaagiza pikapu ije itubebe, tukaanza kufunga mizigo. Pikapu haikufika.

Saa tatu watu kama arobaini walipanda kutoka kituo cha kununua majani wakiwa wamejipaka masizi usoni. Walichoma kwanza nyumba tatu za upande wa chini wa barabara. Mama Muthoni alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, nguo zikiwaka, wakamrudisha ndani kwa mikuki. Kisha wakaja kwetu. Walisimama mbele ya mlango bila kuugusa. Niliwaona kupitia ufa wa mbao. Mmoja wao aliupapasa mlango kutoka juu hadi chini, akapapasa komeo, akawageukia wenzake akatikisa kichwa. Wakabishana. Halafu shoka likapita katikati ya mlango.

Nganga alikuwa kati ya kaunta na mlango wa stoo. Mshale wa kwanza ulimwingia chini ya shingo. Hakuanguka. Alishika rafu ya sabuni. Wa pili ulimpata tumboni. Mtu wa shoka aliruka juu ya kaunta akampiga begani mara tatu, mkono ukabaki umening'inia kwa ngozi. Alianguka kifudifudi juu ya gunia la unga, gunia likapasuka, na damu ikaingia ndani ya unga mpaka ukawa donge. Alisema jina langu. Sikuitika. Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, kiganja changu juu ya mdomo wa mtoto. Tulitoka kupitia dirisha la stoo, tukatambaa chini ya chai hadi mtoni.

Kwa hiyo nasema Kipchirchir ndiye aliyefunga alama ya kifo kwenye mlango wetu."

Kaka yangu Muriuki aliyasoma, akatoka nje. Alirudi na jiwe la kunolea.

Mwalimu, ni hivyo sasa? Jaji ataona?

Wamuyu


Kaptolil
Jumamosi, 25 Aprili 1992

Binti yangu,

Maelezo yako niliyasoma mara moja. Sikuweza mara ya pili.

Jaji ataona. Hakuna zaidi cha kukufundisha hapo, ila mambo madogo. "Kituo cha kununua majani" umekirudia. Mara ya pili sema "kutoka huko". Na "wakiwa wamejipaka masizi" yatosha kuwa "wamejipaka masizi".

Kuna sentensi moja tu nisiyokubaliana nayo, ya mwisho. Vumilia nikueleze.

Umeandika kwamba Kipchirchir alisimama mbele ya mlango na mkono wake ulikuwa juu ya mmea. Hayo uliyaona, na umeyaandika vizuri kuliko ambavyo ningeyaandika mimi. Hapo ndipo macho yako yalipoishia. Kusimama mbele ya mlango si kuja na kitu mlangoni. Mkono juu ya fundo hausemi ni mkono gani uliolifunga. Baina ya uliyoyaona na uliyoyadhani pana mto, na sentensi yako imeruka mto huo bila daraja. Wakili wa upande wa pili atakuuliza, "Ulimwona akifunga?" Utasema nini?

Kipchirchir unamjua. Ni mtu wa mzaha usio na mahali; hata kwenye mazishi ya babake aliwatania wachimba kaburi. Kicheko chake hakithibitishi jambo.

Iondoe sentensi hiyo. Nakuomba kama mwalimu wako. Acha zilizobaki zisimame zenyewe.

J. Kipsang


Nakuru
Alhamisi, 30 Aprili 1992

Mwalimu Kipsang,

Nimeisoma barua yako mbele ya Muriuki, akaniambia, "Si nilikwambia? Huyo ni mtu wao." Nilikutetea. Kisha usiku mzima nikajiuliza ninakutetea kwa nini.

Nilikuuliza jinsi ya kuandika. Sikukuuliza jinsi ya kumtoa mtu wa kwenu jela. Barua ya kwanza ulinipa kurasa tatu, ukacheka nami, ukanipa sufuria na ndama. Ya pili umekuja kama wakili wa Kipchirchir. Kati ya barua hizo mbili kumetokea nini?

Wacha nikuambie na ya huku, usidhani najificha nyuma ya huzuni. Jumanne vijana wa hapa uwanjani walisimamisha lori la maziwa barabarani. Wakamteremsha turniboi wake, msaidizi wa dereva, mtu mzima, mwenye mvi kidogo, kutoka Soin. Wakamwambia, "Sema baba," maana watu wa kwenu wengi b huwatoka p. Akasema, "Papa." "Rudia." "Papa, jameni, mimi ni mtu wa kanisa." Walimpiga kwa nondo. Jicho lilitoka likalala juu ya shavu. Muriuki ndiye aliyemshika ukosi. Nami nilikuwa hapo. Ulinifundisha kumweka kila mtu mahali pake, basi niweke: sikusimama kati yao na yeye. Nilisimama nyuma yao. Nilitazama kupitia kwapa la kaka yangu mpaka mtu yule akaacha kusema.

Kwa hiyo sitishiki na kunyongwa kwa Kipchirchir. Nina siku nane. Kama si yeye aliyefunga, niambie ni nani. Kama hujui, sentensi yangu inabaki, na nitaitilia sahihi kwa wino mweusi.

Wamuyu


Kaptolil
Jumapili, 3 Mei 1992

Wamuyu,

Mimi ndiye niliyefunga ule mmea.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake ili usilazimike kuitafuta ndani ya nyingine. Sasa nitaeleza, na safari hii nakuomba usiruke.

Alhamisi tarehe 12 Machi, saa nane mchana, kokwet, yaani baraza letu la wazee, liliitwa kando ya josho la ng'ombe. Hawakuitwa wote. Tulikuwa saba. Walikuja wanaume wawili nisiowajua, ndani ya gari jeupe, wakasema kwamba Jumamosi vijana "watasafisha senta". Nilisema si haki. Nilisema mengi, unanijua. Mmoja wetu akaniambia, "Mwalimu, hapa si darasani." Wakacheka wote. Nilipoona sina njia, niliomba nyumba. Kulikuwa na nyumba saba. Niliomba moja, yenu. Sikuomba saba. Wakakubali: nyumba itakayofungwa sinendet kwenye komeo ipitwe, isiguswe. Vijana wote waliambiwa hivyo. Kisha tukaapishwa, mmoja mmoja, kwamba atakayetoa neno nje ya josho jina lake halitatajwa tena ndani ya ukoo, wala la wanawe.

Sinendet ni mmea tunaowavika vijana vichwani wanapotoka jandoni. Ni wa baraka. Jumamosi alfajiri nilishuka kwenu, nikaufunga mafundo mawili, nikapanda tena nyumbani. Sikugonga mlango. Nilikuwa na hakika mtaujua. Ulizaliwa hapa, ulikula kwenye sherehe hizo, wenzako wa darasani ulionao pichani wameuvaa. Katika maelezo yako nilipofika pale ulipouita "mmea wa kutambaa", niliweka karatasi chini nikaenda kusimama nje. Miaka thelathini na moja nimefundisha kwamba mwandishi asidhani msomaji anajua anachokijua yeye.

Yule aliyepapasa mlango wenu alikuwa akiutafuta mmea huo. Nganga alikuwa ameuchoma.

Kipchirchir aliijua ishara ile kama kila mwanamume wa hapa alivyoijua. Aliuona, akafurahi kwa ajili yenu, akasema kwa mtindo wake. Alijua kinachokuja na hakumwambia mtu. Hilo ni kosa lake, na ni la wengi. Lakini hakufunga alama ya kifo, na saa tatu hakuwa miongoni mwa wale arobaini. Alikuwa kituoni, amejifungia ndani ya chumba cha mizani. Nilimwona kupitia dirisha, kwa sababu nami nilikuwa nyuma ya kituo hicho hicho, nimesimama.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ni maelezo yangu, yenye majina ya wazee sita waliokuwa nami kando ya josho, na nambari ya gari jeupe. Nimeyatilia sahihi. Dorcus anayapeleka kwa padri anayesafiri kesho. Yapeleke tarehe 8. Usiyasahihishe.

J. Kipsang


Nakuru
Jumamosi, 9 Mei 1992

Mwalimu,

Karatasi yako niliikalia siku tatu. Muriuki aliitaka aichome. Alisema, "Wacha Kipchirchir anyongwe, alijua. Na huyu mwalimu tutamfikia baadaye." Nilimkatalia. Alinipiga kofi, meno yakapasua shavu kwa ndani, na bado nina uzi mdomoni. Kisha alilia. Sisi hapa tunapigana na kulia ndani ya chumba kimoja.

Mmea huo nimeuona, ndiyo. Nimeuona juu ya vichwa, pamoja na nyimbo, pamoja na maziwa ya mursik, watu wakikimbia barabarani kwa furaha. Kwenye komeo, bila wimbo, asubuhi ambayo watu wamelala na viatu miguuni, ulikuwa kamba tu. Nganga alifanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Sitaki uandike tena kwamba aliuchoma, kana kwamba alichoma nyumba.

Jana nilienda mbele ya kamati. Nilifuta sentensi ya mwisho. Mahali pake niliandika: "Mmea huo ulifungwa na Mwalimu Josiah Kipsang, jirani yetu, ili tupitwe. Alijua kuhusu shambulio siku mbili kabla halijatokea. Hakutuambia." Nikakabidhi karatasi zote mbili, yangu na yako. Karani alisoma yangu mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Wakili anasema Kipchirchir ataachiliwa wiki ijayo, na wale sita watatafutwa. Alisema pia kwamba majina yakishasomwa hayafichiki, na huko kwenu watajua yametoka kwa nani. Nimekuandikia ili uondoke. Mchukue Mama Dorcus muende popote.

Nina swali moja. Nyumba nyingine sita siulizi, utawajibu wenyewe. Kutoka Alhamisi hadi Jumamosi ni siku mbili. Kutoka mlangoni pako hadi mlangoni petu ni hatua mia mbili. Ijumaa jioni ulikuja dukani kununua majani ya chai na kibiriti, ukasimama mbele ya kaunta, ukamuuliza Nganga hali ya mgongo wake. Ulikuwa ukiwaza nini?

Usinifafanulie. Nijibu.

Wamuyu


Wodi ya wanaume, hospitali ya misheni
Jumanne, 2 Juni 1992

Wamuyu,

Mwandiko ni wa Dorcus. Maneno ni yangu.

Barua yako ilitufikia tarehe 15. Hatukuondoka. Jumapili tarehe 17, baada ya ibada, walikuja vijana tisa. Saba nimewafundisha. Hawakujipaka masizi. Walimweka Dorcus nje ya ua, wakatoa ng'ombe, wakachoma nyumba kuanzia chumba cha vitabu. Mimi walinipeleka penye kisiki cha kupasulia kuni. Waliulaza mkono wa kulia juu yake. Mmoja alisema, "Mwalimu, samahani, huu ndio uliandika." Walitumia kisu cha kupogolea chai, na kwa kuwa kisu hicho ni cha matawi membamba, ilichukua muda. Hawakuniua. Waliambiwa wasiniue.

Kipchirchir yuko nje. Alikuja hapa Ijumaa. Alisimama kando ya kitanda, hakukaa, hakutania. Aliniuliza, "Siku hamsini nimelala juu ya simenti, Mwalimu, na wewe ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akauliza kama nimekula. Akaenda kuleta uji, akaninywesha kwa kijiko mpaka ukaisha, bila kunitazama usoni. Kisha akasema, "Mwambie Mama Ann nami nilijua," akaenda zake.

Swali lako nimekuwa nalo kwa wiki mbili. Majibu marefu ninayo kama sita, na yote yana kiapo ndani yake, na yote ni mazuri. Dorcus aliandika matatu, nikamwambia ayachane. Hili ndilo jibu.

Ijumaa jioni, mbele ya kaunta yenu, niliwaza hivi: nikimwambia Nganga, atawaambia wale wengine sita, watakimbia wote pamoja, na watu wangu watajua ni mimi, na nyumba yangu itaungua. Nilizipima nyumba saba na nyumba yangu. Nikachagua yangu. Nikalipia kibiriti, nikamtakia usiku mwema.

Dorcus amesimamisha kalamu hapo. Hakuwa amelisikia kabla ya leo. Nimemwomba aliandike kama nilivyolisema, na ameliandika.

Alama ya kidole gumba, mkono wa kushoto:
Josiah Kipsang